Nani Anakula Nafasi ya Mama Kalondu?

Sehemu ya Saba

Haya, inama tena uchungulie chini ya meza. Jonah bado yuko huko tangu wiki jana, magoti yamemfika kidevuni, vumbi la mji wa Wote limemjaa puani. Wewe umekula, umelala, umeenda kanisani na kurudi. Yeye hajathubutu hata kupiga chafya.

Kama gazeti lako la wiki jana lilifungiwa nyama kabla hujalisoma, pole, habari ni hii. Kompyuta ya Mama Kalondu ya kuchapia watu kazi, ya kwanza na ya pekee katika mtaa mzima, inaibiwa. Haiibiwi waya wala kibodi. Inaibiwa nafasi! Ile nafasi ya ndani, ya kuwekea kazi. Leo ipo, kesho imepungua, na hakuna aliyeongeza kitu.

Anayeiendesha ni Jonah Ndululu, kijana wa Matiliku aliyefanya kozi ya kompyuta kule Machakos akarudi akitembea kama yeye ndiye aliyeivumbua. Mama Kalondu amemwambia wazi: mwizi asipopatikana leo, mwizi ni wewe, na kazi huna. Na Jonah akikosa kazi, mjomba wake Musembi anamngoja Matiliku na punda wa kuteka maji. Mjomba ameshawaambia hata punda wenyewe.

Ndiyo maana saa ya chakula Jonah alijifanya ameenda hotelini, akarudi kwa dirisha la nyuma, akajikunja chini ya meza. Mlango ukafunguka. Kiatu kikalia nywii, nywii. Mkono ukanyooshwa kuelekea kompyuta.

Jonah akaudaka mguu.

"Uuuwi! Nyoka!"

"Si nyoka! Ni mimi!"

"Mimi nani?"

"Wewe nani kwanza? Mguu ni wako!"

Walivutana mpaka kiti kikaanguka. Jonah alipotoa kichwa nje, akakutana uso kwa uso na Mzee Kivuva, mwenye ofisi ya taipureta ng'ambo ya barabara, yule ambaye tangu kompyuta ije hachapi kitu ila barua za watu wasiopenda mambo mapya.

"Nimekushika!" Jonah akapaza sauti. "Mzee mzima! Rudisha nafasi!"

"Nafasi gani? Achilia mguu kwanza, huo ndio ule unaouma."

"Ulikuja kuiba!"

"Niibe nini? Kwani nafasi inabebwa kwa gunia? Kijana, mimi nimekuja kupima kiti."

"Kupima kiti?"

Kivuva akatazama dari. Akatazama dirisha. Mwisho akakosa pengine pa kutazama.

"Mama Kalondu aliniita. Alisema leo jioni hicho kiti kitakuwa wazi. Nikasema wacha nije mapema nione kama mgongo utakubali."

Jonah akauachilia ule mguu polepole, kama mtu anayeweka yai chini. Kumbe kazi yake ilishapata mrithi, na mrithi ameshaanza kulalamika juu ya kiti!

Mlango ukafunguka mara ya pili, na aliyeingia hakuhitaji kubisha. Mama Kalondu, shemasi wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, sauti isiyohitaji kipaza sauti.

"Jonah! Mwizi wangu yuko wapi?"

"Mama, nilimshika Mzee Kivuva."

"Huyo nilimwita mimi. Nimeuliza mwizi. Nafasi yangu iko wapi?"

"Mama, mimi sijaichukua."

"Nani basi? Yule mtu wa Nairobi aliyeniuzia hii mashine aliniambia, 'Mama, humu ndani utaweka Makueni yote, na ibaki nafasi ya kuweka Kitui mpaka Mwingi.' Leo hata nyimbo za kwaya moja hazitoshei! Kwani Kitui imehamia humo na mimi sijaambiwa?"

"Mama, nimefuta michezo yote. Nimefuta hata yale maandishi ya maua maua. Nikifuta asubuhi, jioni imejaa tena."

"Kivuva, mpekue!"

Kivuva akaingiza mikono katika mifuko ya Jonah kwa bidii ya mtu anayeajiriwa leo. Kikatoka kiazi kitamu nusu. Kikatoka kitana kilichopoteza meno ya mbele. Halafu, ngoja msomaji, kikatoka kitu cheusi, bapa, cha mraba.

"Asi! Hii ni nini?" Mama Kalondu akasogea.

"Ni disketi, Mama, ya kubebea kazi. Ni yangu, ya kozi."

"Ina nini ndani?"

"Haina kitu. Iko tupu."

Mama Kalondu akapiga makofi mara moja, pa!

"Mmemsikia kwa kinywa chake! Tupu! Yaani imejaa nafasi kutoka ukuta mpaka ukuta! Mimi nafasi yangu inapotea, yeye anatembea na nafasi mfukoni. Hiyo ndiyo yangu!"

Kule Machakos walimfundisha Jonah mengi, lakini jibu la hilo hawakulifikia.

"Irudishe!"

Angefanyaje? Akaiingiza disketi kwenye mashine, akabonyeza bonyeza, akajifanya anamimina. Namba ya nafasi pale chini ya skrini haikusogea hata kidogo.

"Haikubali, Mama."

"Itakubalije?" Kivuva akadakia. "Nafasi imelala mfukoni na kiazi. Imeshaharibika."

"Ni kweli," Mama Kalondu akasema kwa huzuni. "Imechacha."

Usicheke, msomaji. Jonah hakucheka. Alikuwa anasikia kwato.

Papo hapo akaingia Syombua, kiongozi wa kwaya, mwanamke anayejua kila wimbo wa kanisa lao, na anayejua pia nani huuimba vibaya. Kwaya ilikuwa inatayarisha kitabu cha nyimbo zake zote kwa sherehe ya Jumapili, na nyimbo hizo Jonah alikuwa ameziingiza kwenye kompyuta wiki baada ya wiki. Zilikuwa zimebaki chache tu za mwisho. Jana mashine ikazikataa: nimeshiba.

"Shemasi, kwaya iko njiani," Syombua akasema. "Wametoka mazoezini na sare zao, wanakuja kukiona kitabu. Zile za mwisho zimeingia?"

Mama Kalondu akamkazia Jonah macho, kisha akatamka neno linalotamkwa katika ofisi hiyo kabla ya kazi, kabla ya chai, kabla ya chakula na kabla ya kumpokea mteja mwenye mambo mengi.

"Tuombe."

Sasa ujue jambo moja. Katika ofisi ya Mama Kalondu, maombi ni kufumba macho, na kufumba ni kufumba. Mchapaji aliyekuwapo kabla ya Jonah, kijana mmoja aitwaye Kiilu, alifumbua jicho moja tu kutafuta kikombe chake cha chai, akafukuzwa kabla chai haijapoa. Mama alijuaje, na yeye alikuwa amefumba? Usiniulize mimi. Mashemasi wana njia zao.

Kwa hiyo Jonah, tangu aandikwe kazi, hakuwahi kuona maombi yakiombwa. Aliyasikia tu. Na kila baada ya Amina alikuta mashine inawaka upya kutoka mwanzo, akawalaani watu wa stima kimoyomoyo kwa kukata umeme, akaendelea.

Wakafumba. Mama Kalondu akaanza chini chini, akapanda kama lori la saruji kwenye mlima.

"Ee Bwana! Wewe uonaye gizani! Mwizi wa nafasi yuko humu humu, katika chumba hiki! Mfichue, Bwana! Mfichue sasa hivi!"

Je, wewe ungeweza kubaki umefumba? Jicho la Jonah la kushoto likafunguka lenyewe, likitaka kuona kidole cha Mungu kitamwelekea nani.

Likaona.

Mama Kalondu, macho yamefumbwa kabisa, uso umeelekea mbinguni, jasho la imani linamtoka. Mdomo unaomba. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa unatambaa ukutani, taratibu, kama mkono wa mtu anayejua njia ya kwake. Ukapapasa. Ukafika kwenye soketi. Ukashika plagi ya kompyuta.

Ukaing'oa.

Skrini ikafa. Maombi yakaendelea.

"...na wote waseme..."

"Amina!"

Plagi ikarudi ukutani, tap. Kompyuta ikalia pii, ikaanza kuhesabu mambo yake upya kama mtu aliyeamshwa kwa maji baridi. Jonah alikuwa amefumba tena, ameshikilia kope kwa nguvu zote.

Mwizi amepatikana! Maombi yamejibiwa hata kabla ya Amina!

Lakini atasemaje? Akisema aliona, ataulizwa aliwezaje kuona. Mtu aliyefumba haoni plagi. Kiilu alifukuzwa kwa sababu ya kikombe. Yeye atafukuzwa kwa sababu ya shemasi mwenyewe. Akinyamaza, punda. Akisema, punda.

Akili ya Matiliku ikachemka.

"Mama," akasema kwa unyenyekevu, "mimi naona tuombe tena."

Mama Kalondu akashtuka. Hakuwahi kusikia kijana akiomba nyongeza.

"Lakini kwanza, Mama, tazama hii namba. Ndiyo nafasi iliyobaki. Mzee Kivuva, iandike kwa chaki pale mlangoni." Kivuva akaiandika. Jonah akakifungua kitabu cha nyimbo kama kawaida yake, akaacha kazi ikiwa katikati. "Sasa tuombe."

Wakafumba, hata Jonah safari hii. Mama akaomba. Amina. Pii! Mashine ikaamka, Jonah akaitisha ile namba.

Kivuva akasoma skrini. Akasoma mlango. Akasoma skrini tena.

"Imepungua!"

"Imepungua wakati gani?" Syombua akauliza. "Hakuna aliyeigusa. Tulikuwa tunaomba."

"Ndiyo hapo," Jonah akasema, akingoja Mama ajikamate mwenyewe.

Kumbe Jonah hamjui Mama Kalondu. Uso wake ukabadilika polepole. Ukang'aa. Akashika kifua.

"Maombi yangu," akanong'ona. "Yanaingia humo!"

"Hapana, Mama..."

"Ndiyo maana kumejaa! Syombua, umeona? Ni maombi yangu yote tangu niinunue!"

"Maombi ya Shemasi yana uzito," Kivuva akasema upesi, akiwa bado anakitazama kile kiti.

"Basi tuyachape!" Syombua akasema. "Tuyatie mwisho wa kitabu!"

"Mama, si maombi!" Jonah akapiga kelele. "Ngoja niwaonyeshe kilichomo!"

Akakumbuka amri moja ya Machakos, ile ya kuiambia mashine ijikague yenyewe, tumboni mpaka kwenye utumbo. Akaichapa. Kompyuta ikaguna, ikakwaruza, ikasema imekuta vipande vingi visivyo na mwenyewe, je, ivikusanye? Jonah akakubali. Vikaanza kumwagika kwenye skrini, kimoja chini ya kingine, vimepewa namba tu kama wageni wasio na majina. Vikajaza skrini. Vikaendelea.

Akakifungua kimoja. Nusu ya wimbo, umekatika katikati ya pambio. Akafungua kingine. Ratiba ya harusi. Bwana harusi ameingia, bibi harusi hayumo. Kingine tena: tangazo la mazishi, marehemu ameacha mke na watoto na...

"Na nini?" Kivuva akauliza.

"Hapo ndipo ilipokatwa. Mama, mgeni akiwa anakula, akavutwa mezani kwa nguvu na tonge mkononi, sahani yake inabaki palepale. Hakuna wa kuimaliza, hakuna wa kuiondoa, kwa sababu hamjui ni ya nani. Siku ya pili sahani nyingine. Baada ya mwezi meza imejaa sahani na hakuna pa kuweka kiwiko. Ndiyo hii mashine. Inakatwa ikiwa na kazi mkononi. Kila siku."

"Nani anaikata?" Mama Kalondu akafoka. "Nitajie!"

Jonah akainyooshea kidole plagi.

"Ni wewe, Mama. Unang'oa plagi tukiomba."

Syombua akaitazama plagi. Kivuva akamtazama Mama.

"Si ni lazima ing'olewe?" Mama Kalondu akasema, akishangaa kwamba watu wanashangaa. "Sisi sote tumefumba macho mbele za Mungu, halafu yenyewe inatukodolea lile jicho lake kubwa linalowaka? Nayo ifumbe! Haina kope, ndiyo nikaifumbia mimi."

Halafu kidole chake kikainuka polepole.

"Na wewe, Jonah... ulijuaje?"

Kwato zikasikika barabarani, msomaji, nakuapia.

"Alifumbua macho!" Kivuva akaruka. "Kweli kabisa, Mama! Maombi ya kwanza, jicho la kushoto! Mimi nilimwona kabisa!"

Mama Kalondu akageuka, mwili wote, kama kabati linalohamishwa.

"Ulimwona. Na wewe ulikuwa unamwona kwa pua?"

Kivuva akatafuta dari, lakini dari haikuwa na msaada.

"Asi! Nimezungukwa na watu wenye macho!" Mama akaketi, akajipepea na kile kitambaa. "Mmoja amekodoa, mwingine amemkodolea aliyekodoa. Sasa nitamwajiri nani?" Akafikiri. "Jonah, ondoa hayo makombo yote. Nafasi yangu ikirudi, nitajua jicho lako lilifumbuliwa na Bwana, na utabaki hapo ulipo. Tukiomba nitaifunika hiyo mashine kwa leso. Isiporudi, Kivuva atakaa, na atakaa amefumba."

Jonah akaruka kitini kabla mgongo wa Kivuva haujafika. Akaanza kufuta kipande kimoja, kingine, kingine. Na namba, amini usiamini, ikaanza kupanda!

"Inarudi!" Syombua akapiga kigelegele.

Nje, kwaya ikasikika inakuja kutoka upande wa sokoni, inaimba na kupiga hatua.

"Haraka, wamefika!" Mama akamsimamia begani. "Mbona kimoja kimoja, kama unachambua ndengu? Hakuna njia ya kufuta vyote mara moja?"

"Iko, Mama. Unaweka nyota, halafu nukta, halafu nyota, maana yake vyote."

"Weka!"

Akaweka. Mashine ikasita, ikauliza swali. Jonah akalisoma. Vyote vilivyomo humu vitafutwa, una hakika? Wazo dogo likaanza kumpanda kutoka kwenye nyayo. Vyote vilivyomo humu. Na yeye Jonah, pamoja na kozi yake yote, hakuwahi kujisumbua kutenga vyumba ndani ya mashine. Kila alichochapa alikitupa mahali pamoja. Makombo. Ratiba. Na...

"Ngoja, Mama..."

"Tungoje nini? Inauliza kama nina hakika. Mashine ni yangu, mimi nina hakika!"

Kidole cha shemasi kikashuka kwenye kitufe cha kukubali.

Kompyuta ikanguruma kidogo. Ikatulia.

Jonah akaitisha namba. Ilikuwa ndefu, nene, nzuri, namba ambayo hakuwahi kuiona tangu aanze kazi.

"Imerudi!" Mama Kalondu akamkumbatia mpaka kitana alichokirudisha mfukoni kikavunjika. "Nafasi yangu yote! Kitui, Mwingi, yote! Jonah mwanangu, kazi ni yako mpaka uzeeke!"

Jonah alikuwa anatafuta wimbo wa kwanza. Haukuwapo. Akatafuta wa pili. Akatafuta wowote.

Kwaya ikaingia, sare za bluu, ikajaza ofisi mpaka mlangoni, ikaifuta kwa mabega ile namba ya chaki.

"Nyamazeni!" Mama Kalondu akatangaza. "Jonah atawasomea kutoka kwenye kompyuta. Jonah, wimbo wa kwanza!"

Jonah akaitazama skrini. Tupu. Imejaa nafasi kutoka ukuta mpaka ukuta. Akakohoa, akaikazia macho kama mtu anayesoma, akafungua kinywa, akaanza kuimba wimbo ambao hakuna Mkamba aliyewahi kuusikia:

"Nafasi yooote imeruuudi..."

Kwaya ikatazamana. Sauti nene za nyuma, ambazo haziwezi kuona pengo zikaliacha, zikaitikia:

"Imerudi!"

"Nafasi ya Baaaba imeruuudi..."

"Imerudi! Imerudi!"

Mama Kalondu akaanza kucheza. Kivuva akaanza kucheza. Ofisi nzima ikawa inayumba.

Mtu mmoja tu hakuitikia. Syombua, anayejua kila wimbo wa kanisa, alikuwa amekunja uso, anajipenyeza katikati ya mabega ya bluu, anaizunguka meza hatua kwa hatua, anakuja upande wa skrini.